Sandwichi ya kuku ya Chick-fil-A na mzee aliyeiacha: tathmini kutoka Atlanta

Ukiagiza sandwichi ya kawaida katika mgahawa wowote wa Chick-fil-A, iwe Atlanta au kwingineko Marekani, utaletewa karibu kile kile alichokiridhia Samuel Truett Cathy, mwanzilishi wa mnyororo huo wa migahawa, mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya kukifanyia majaribio kwa miaka kadhaa: kidari cha kuku kisicho na mfupa, kilichochovywa katika maziwa na yai, kikagaragazwa kwenye unga wa ngano uliotiwa viungo, kikakaangwa kwa mafuta ya karanga katika chombo cha presha, kisha kikawekwa kati ya mkate laini uliopakwa siagi, pamoja na vipande viwili vya tango la achari. Hakuna nyanya, hakuna majani, hakuna mchuzi uliomwagwa juu yake ili kuficha nyama iliyokauka. Naanza na chakula chenyewe kwa makusudi, kwa kuwa wengi wanaomkumbuka Cathy huanzia kanisani na kuishia benki, wakasahau kwamba kabla ya kuwa tajiri, na hata baada ya kuwa tajiri, alikuwa mpishi.

Nyama hiyo ni laini na ina majimaji yake, jambo ambalo si rahisi kulipata katika kidari, kwani hiyo ndiyo sehemu ya kuku inayokauka upesi kuliko zote. Siri iko kwenye presha: kipande huiva kwa dakika chache tu, kabla hakijapoteza maji yake. Kwa ulimi uliozoea kuku wa kienyeji aliyechomwa kwa mkaa na kukamuliwa ndimu, viungo vyake ni vya upole mno, na utamu wa mbali unaosikika kwenye unga na kwenye mkate unaweza kumshangaza mtu anayetarajia chumvi na pilipili. Ipo sandwichi ya pilipili kwa ajili ya watu wa namna hiyo, nami ndiyo ninayoipendekeza kwa mgeni yeyote kutoka Afrika Mashariki. Chipsi zake, zilizokatwa kwa umbo la wavu na kuanza kuuzwa mwaka 1985, ni nzuri zikiliwa moto na hazina maana yoyote zikipoa. Limau wanalolikamua wenyewe na kulitia sukari na maji linastahili sifa kuliko soda zao zote. Kwa jumla naiweka sandwichi hii juu ya zile za washindani wake wengi, ingawa sidhani kwamba ladha peke yake inatosha kueleza foleni ya magari inayozunguka jengo kila mchana.

Asili ya kipande hicho cha nyama inafundisha mengi kuhusu mtu aliyekigundua. Kampuni moja ya kuku ilikuwa ikitayarisha vidari visivyo na mfupa kwa ajili ya milo ya abiria wa ndege, na vile ambavyo havikulingana na sahani za ndegeni vikabaki bila mnunuzi. Cathy, aliyekuwa na mgahawa mdogo jirani na uwanja wa ndege wa Atlanta, akavichukua. Enzi hizo sandwichi ya haraka Marekani ilikuwa na maana ya nyama ya ng'ombe iliyosagwa, na kuku alihesabiwa kuwa chakula cha mezani kinachohitaji muda, sahani na mikono ya kuchafuka. Alichokifanya ni kukumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akimfunika kuku kwenye kikaango ili abaki na unyevu wake, akatafuta chombo cha presha kinachoweza kufanya kazi ile ile kwa kasi, kisha akawauliza wateja wake, mmoja baada ya mwingine, kama viungo vimekaa sawa.

Huyo mama ndiye shule yake ya kwanza ya biashara. Cathy alizaliwa tarehe 14 Machi 1921 huko Eatonton, jimbo la Georgia, na akakulia Atlanta katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, baba yake akiwa amepata hasara na mama yake akiendesha nyumba ya wapangaji waliolipia kitanda pamoja na chakula. Mtoto alimenya mahindi, akaosha vyombo, akapanga meza, akaona kwa macho yake mwanamke anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Akiwa na umri wa miaka minane alinunua chupa sita za Coca-Cola kwa senti 25 na kuziuza kwa senti tano kila moja, akabaki na faida ya senti tano. Baadaye akawa mgawaji wa magazeti, na mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alilipeleka kila gazeti kana kwamba linakwenda nyumbani kwa gavana. Anayewatazama leo vijana wa Chick-fil-A wakitoka nje na vishikwambi vyao, juani na mvuani, kumsalimu mteja aliye kwenye foleni na kuchukua agizo lake kabla hajafika dirishani, atauona mkono wa yule mgawa magazeti.

Mgahawa wenyewe ulizaliwa Mei 1946 huko Hapeville, kusini mwa Atlanta, wakati Cathy, aliyekuwa ametoka jeshini, na mdogo wake Ben walipokusanya takriban dola 10,600, sehemu kwa kuuza gari na sehemu kwa mkopo, wakafungua kibanda cha viti kumi na meza nne. Waliuita Dwarf Grill, dwarf ikiwa na maana ya kibete, kwa sababu ulikuwa mdogo kweli kweli. Ulikuwa wazi saa ishirini na nne, na wateja wake wakubwa walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha Ford na wa uwanja wa ndege, watu wanaotoka zamu usiku wa manane wakiwa na njaa. Mwaka 1949 Ben alifariki katika ajali ya ndege pamoja na ndugu yao mwingine, na mwaka 1960 mgahawa wa pili wa Cathy, uliokuwa Forest Park, uliteketea kwa moto. Duka la kwanza lenye jina la Chick-fil-A lilifunguliwa mwaka 1967 ndani ya jengo la maduka la Greenbriar, Atlanta, katika wakati ambao wauzaji wa chakula walikuwa hawajaona faida ya kukaa ndani ya majengo ya namna hiyo. Tangu afungue kibanda chake hadi siku hiyo ilikuwa imepita miaka zaidi ya ishirini, na jambo hilo nalitaja kwa ajili ya vijana wetu wanaosimuliwa habari za matajiri kana kwamba waliota kama uyoga.

Sasa tufike kwenye Jumapili, maana hakuna tathmini ya huduma hii inayoweza kuikwepa. Tangu juma lile la kwanza la 1946, migahawa ya Cathy haifunguliwi Jumapili. Sababu zilikuwa mbili, naye hakuwahi kuficha hata moja. Ya kwanza ni uchovu: yeye na Ben walikuwa wamefanya kazi zamu kwa zamu, mchana na usiku, hata ilipofika Jumapili hawakuwa na nguvu ya kusimama. Ya pili ni imani. Alikuwa Mbaptisti aliyelelewa na Biblia, na ile amri isemayo "Ikumbuke siku ya Sabato uitakase" hakuiona kama pambo la ukutani. Ndugu zetu Wasabato watauliza kwa nini basi hakufunga Jumamosi, na swali lao ni la haki, lakini tuliache kwa leo.

Kwa mteja, mlango huo uliofungwa una kero zake za kweli. Wakristo wa Kiafrika wa Atlanta na viunga vyake, wakiwemo Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili huko Clarkston, wanajua jinsi ibada inavyoweza kuvuka saa saba mchana, watoto wakalia njaa ndani ya gari, na mgahawa unaojulikana kuliko yote kwa Ukristo wake ukawa ndio pekee uliofungwa barabara nzima. Katika uwanja wa Mercedes-Benz, uliofunguliwa mwaka 2017 katikati ya jiji na ambako timu ya futiboli ya Kimarekani ya Falcons hucheza mechi zake nyingi za nyumbani siku ya Jumapili, kuna duka la Chick-fil-A linalobaki limefungwa huku makumi ya maelfu ya watu wakipita mbele yake. Mhasibu yeyote angesema huo ni wazimu. Hata hivyo wastani wa mauzo ya mgahawa mmoja wa kampuni hii kwa mwaka umekuwa mkubwa kuliko wa minyororo ile mikubwa inayouza siku saba, na sioni njia ya kulieleza hilo bila kuhesabu thamani ya mfanyakazi anayejua, mwaka mzima, kwamba ipo siku moja ambayo hataitwa kazini.

Wala mlango huo haukufungwa kwa chuki ya jirani. Umeme ulipokatika katika Hartsfield-Jackson, uwanja wa ndege wa Atlanta, tarehe 17 Desemba 2017, maelfu ya abiria wakakwama gizani bila chakula, na siku yenyewe ikawa Jumapili, jikoni za Chick-fil-A ziliwashwa na chakula kikapelekwa huko. Mwaka uliotangulia, baada ya mauaji ya klabu ya usiku huko Orlando, baadhi ya migahawa yao ilipika siku ya Jumapili kwa ajili ya watu waliopanga mstari kutoa damu. Cathy alikuwa ameshafariki, lakini waliofanya hivyo walikuwa wameisoma vizuri ile habari ya Injili ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato, ambaye Yesu aliuliza ni nani asingemtoa.

Nyumbani kwake, mzee huyu aliishi kwa utaratibu ule ule. Alimwoa Jeannette McNeil, waliyefahamiana tangu utotoni, mwaka 1948, wakaishi pamoja hadi kifo chake, miaka 65. Walizaa watoto watatu: Dan, Don ambaye wengi humwita Bubba, na Trudy. Watoto hao walikulia mgahawani, wakiimba mbele ya wateja na kukwangua bazoka zilizogandishwa chini ya meza, kazi ambayo si ya mtoto wa bosi katika nyumba nyingi ninazozifahamu. Trudy na mumewe baadaye walikwenda Brazil kama wamisionari. Kwa zaidi ya miaka 50 Cathy mwenyewe alifundisha shule ya Jumapili darasa la wavulana wa miaka 13 katika kanisa lake huko Jonesboro, umri ambao mwalimu yeyote atakuambia kwamba ndio mgumu kuliko yote, na mtu mwenye mali kama yake angeweza kuwa mahali pengine popote asubuhi hiyo. Mwaka 1984 alianzisha taasisi ya WinShape, iliyoanza na ufadhili wa wanafunzi katika Chuo cha Berry na kambi za vijana, kisha ikaanzisha nyumba za malezi kwa watoto wasio na mahali salama pa kukaa. Yeye na mkewe waliwaita watoto hao wajukuu.

Ukikaa ndani ya mgahawa badala ya kununua na kuondoka, unaona jinsi familia ilivyopewa nafasi ya mbele. Katika matawi mengi pana chumba cha michezo ya watoto, meza hufutwa mara mteja anapoinuka, na mtu hupita kuuliza kama unahitaji kuongezewa kinywaji, huduma ambayo kwa kawaida hailingani na bei ya chakula cha haraka. Baadhi ya migahawa huandaa jioni maalumu ya baba na binti yake, meza zikatandikwa vitambaa na maua yakawekwa, jambo linalochekesha kidogo ukikumbuka kwamba kinacholiwa ni kuku wa boksi, lakini akina baba hufika wakiwa wamevaa suti. Ukimshukuru mfanyakazi, atakujibu kwamba ni furaha yake kukuhudumia. Desturi hiyo Cathy aliitoa kwenye hoteli ya kifahari ya Ritz-Carlton na kuisisitiza kwa miaka hadi ikakubalika. Hapo nina shaka kidogo. Neno la furaha linalotamkwa kwa amri, na kijana aliyesimama tangu asubuhi, huanza kusikika kama kengele. Ukarimu wa mahali hapa nauona zaidi katika mambo yasiyo na maneno: choo safi, mwavuli unaoletwa hadi kwenye gari mvua inaponyesha, chakula kilichokosewa kinachobadilishwa bila mabishano.

Mfanyabiashara mwenzake atavutiwa zaidi na namna Cathy alivyowapata waendeshaji wa migahawa yake, na kwa maoni yangu hapa ndipo imani yake ilipogusa fedha moja kwa moja. Katika minyororo mingi ya Marekani, anayetaka kuendesha tawi lazima aje na mamia ya maelfu ya dola. Cathy aliomba dola 5,000, ambazo baadaye zikawa 10,000, huku kampuni ikinunua kiwanja, ikijenga na kuweka vifaa. Kisha kampuni inachukua asilimia 15 ya mauzo na nusu ya faida, na mwendeshaji, ambaye kwa kawaida hupewa mgahawa mmoja tu, anatakiwa awepo yeye mwenyewe, afunge aproni na kujua majina ya wafanyakazi wake. Mwendeshaji hamiliki jengo wala hawezi kuliuza au kuwarithisha wanawe, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliyetoa miaka yake yote pale. Hata hivyo mpango huo umemfungulia mlango mtu mwenye bidii asiyekuwa na mtaji, na waombaji ni wengi mno kuliko nafasi zilizopo. Tangu 1973 kampuni pia imekuwa ikitoa ufadhili wa masomo kwa vijana wanaofanya kazi jikoni na kaunta.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1982, mauzo yalipolegea, gharama zikapanda, na kampuni ikawa imeingia gharama kubwa za makao makuu mapya. Cathy hakuchukua mshahara mwaka huo. Yeye na viongozi wenzake walijitenga kwa siku chache, na walichorudi nacho ni sentensi moja ya kueleza kwa nini kampuni ipo: kumtukuza Mungu kwa kuwa wakili mwaminifu wa yote waliyokabidhiwa, na kuwa na athari njema kwa kila anayekutana nao. Ni sentensi ambayo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote. Kilichoipa uzito ni ile karatasi ya mshahara iliyobaki tupu.

Si kila Mmarekani anamkumbuka kwa upendo. Mwaka 2012, wakati Cathy bado yu hai, kauli za mwanawe Dan za kupinga ndoa za jinsia moja, pamoja na misaada ya taasisi ya familia kwa makundi yenye msimamo huo, zilizua mgogoro mkubwa. Wapo waliosusia migahawa na wapo waliopanga foleni ndefu ili kuiunga mkono, na mpaka leo wapo wateja wanaoona kwamba meza iliyosemwa kuwa ya kila mtu haikuwa yao. Mwenye kutathmini huduma hawezi kujifanya hakusikia. Ninachoweza kusema ni kwamba kampuni baadaye ilibadilisha namna inavyotoa misaada, ikalaumiwa na upande wa pili kwa kufanya hivyo, na kwamba kaunta yenyewe haimuulizi mteja imani yake wala maisha yake.

Cathy alifariki nyumbani kwake tarehe 8 Septemba 2014 akiwa na umri wa miaka 93, bilionea ambaye mstari alioupenda katika Maandiko ulikuwa ule wa Mithali 22:1, "Heri kuchagua jina jema kuliko mali nyingi." Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 2000, watoto wake walitia saini agano la kutoiuza kampuni katika soko la hisa na kutofungua Jumapili. Dan aliongoza hadi mwaka 2021, kisha mjukuu, Andrew, akachukua usukani. Kizazi hiki cha tatu ndicho kitakachonipa mimi, kama mteja, sababu ya kuendelea kuwa makini. Mwaka 2024 kampuni ililegeza ahadi yake ya kutotumia kuku waliopewa dawa za antibaiotiki za aina yoyote, ikaruhusu zile zisizo na umuhimu mkubwa katika tiba ya binadamu, ikisema kwamba upatikanaji wa kuku ulikuwa mgumu. Uamuzi huo unaeleweka kibiashara, lakini unaonyesha ni wapi jiwe linaweza kuanza kulegea katika nyumba iliyojengwa juu ya neno la mtu mmoja.

Kwa anayepitia Atlanta, ushauri wangu ni kwamba aache matawi ya uwanja wa ndege na aende Hapeville, mwendo mfupi tu kwa gari, mahali kilipoanzia kile kibanda cha viti kumi. Jengo limejengwa upya, lakini ule mlango mdogo mwekundu uliowafurahisha watoto kwa miongo mingi ndio alama ya mahali hapo. Aagize sandwichi ya pilipili, limau lisilo na sukari nyingi, na aache mchuzi mtamu mpaka atakapokuwa ameonja nyama yenyewe. Mwenye mzio wa karanga aulize kuhusu mafuta kabla ya kuagiza. Siku nzuri ni Jumanne au Jumatano kabla ya saa sita mchana, wakati foleni haijashika barabara, na wenye watoto wadogo watapata meza bila kugombania.